Kushindilia Jeraha: Njia ya Kisaki, 1916

Ukitoka Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, ukashika barabara ya Kisaki, milima ya Uluguru inakusindikiza mkono wa kulia karibu safari nzima. Unapita Matombo, unapita Mvuha, unateremka mpaka Duthumi kwenye joto la bondeni, kisha unaukuta mto Mgeta. Septemba 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, upande huu wa mlima ulikuwa njia ya vita. Askari na wapagazi walichonga barabara ubavuni mwa miamba ili risasi na unga viwafikie wapiganaji waliotangulia. Mizigo ilikwenda kusini. Majeruhi walirudi kaskazini, mabegani mwa watu, kuelekea stesheni ya reli ya Mikese.

Hao majeruhi ndio ninaowaandikia. Vitabu vya vita vile vimejaa majenerali: nani alimzunguka nani, nani aliponyoka usiku. Lakini kwa mtu aliyepigwa risasi ya paja kichakani, vita vyote vilikuwa vimebaki vya dakika tatu au nne, na jenerali wake alikuwa yeyote aliyepiga magoti kando yake akiwa na kitambaa mkononi.

Kiswahili kina neno linaloitosha kazi ya mtu huyo: kushindilia. Wenye magobore walilijua vizuri. Unamimina baruti mdomoni mwa bunduki, unatia kizibo cha nyuzi au gome lililotwangwa, unashindilia kwa mdeki mpaka chini kabisa pasibaki upenyo, maana upenyo ukibaki nguvu ya baruti inapotea bure. Jeraha linalomwaga damu kwa kasi linahitaji kitendo hichohicho, ila mdeki wake ni kidole cha binadamu.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Gavana wa Kijerumani Heinrich Schnee aliihamisha serikali yake kutoka Dar es Salaam, akaipeleka Morogoro, mbali na mizinga ya manowari za Kiingereza. Reli ya Kati ilikuwa imefika hapo tangu 1907, na mji ukageuka ghala na hospitali ya nyuma ya vita. Kwa muda mrefu mapigano yalikuwa habari za mbali. Kisha Februari 1916 Jan Smuts akakabidhiwa majeshi ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Machi alikuwa Moshi. Akaufuata mto Pangani, akapita Handeni, tarehe 24 Juni akapigana kwenye mto Lukigura, halafu akakaa kitako chini ya milima ya Nguru mpaka Agosti, watu wake wakiwa hoi kwa malaria na njaa. Tarehe 17 Agosti walipigana Dakawa, kwenye mto Wami. Tarehe 26 Agosti wakaingia Morogoro, wakakuta askari wa Kijerumani wameshaondoka na kuacha madaraja ya reli yamevunjwa.

Smuts aliamini kwamba kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, angesimama hapo kuipigania reli. Hakusimama. Alipenya kusini kwa njia za milimani, na Smuts akagawa jeshi lake pande mbili za Uluguru kumfuata. Magharibi walikwenda Waafrika Kusini wa farasi chini ya Brits, Enslin na Nussey. Mashariki walikwenda Sheppard na Hannyngton, wakiwa na Wahindi, Wakashmiri, askari wa KAR ambao wazee wetu waliwaita Keya, na kikosi cha Gold Coast, yaani Ghana ya leo, kilichokuwa kimeshuka melini wiki chache tu kabla. Watu hao wa Gold Coast walipigania kilima cha Kikirunga mwanzoni mwa Septemba, kwenye mteremko, nyasi ndefu na mvua. Ng'ambo ya pili, tarehe 7 Septemba, Waafrika Kusini waliishambulia Kisaki wakarudishwa. Kesho yake Nussey akashambulia naye bila kujua yaliyowapata wenzake jana, akarudishwa vilevile. Wiki hiyo Duthumi nako kukawaka. Kisaki iliangukia mikononi mwa Waingereza katikati ya mwezi, kwa sababu Lettow aliamua kusogea ng'ambo ya Mgeta.

Nimeyapita haya haraka kwa makusudi. Kilichokuwa kikitokea chini, kwenye nyasi, ndicho kigumu zaidi kukieleza.

Vita vilipoanza, askari wengi wa Kijerumani walishika Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti ya moshi yenye risasi nene ya milimita 11, kipande cha madini laini na kizito. Meli ya Rubens iliyofika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915, ilileta bunduki mpya zenye risasi nyembamba na za kasi zaidi, hivyo porini zilikuwapo za aina zote mbili. Risasi nene ikigonga nyama hupanuka na kuvunja mfupa. Ile ya kasi hutoboa tundu dogo ngozini, lakini ndani huitikisa na kuichana nyama kwa upana usiouona ukiwa nje. Kwa vyovyote jeraha la risasi ni pango: mlango mdogo, ndani pana.

Hapo ndipo wengi walipokosea, na ndipo wengi wanapokosea mpaka leo. Mtu akiona damu anakimbilia kufunika mlango. Anazungusha kitambaa juu ya ngozi, anafunga fundo, anaona damu imepungua, anashusha pumzi. Ndani ya pango mshipa bado umekatika. Damu inajaa kwenye nyama, inalowanisha kitambaa polepole, na majeruhi anaanza kuhema haraka, anatoka jasho la baridi, anaomba maji, anazungumza maneno yasiyopangika, kisha ananyamaza. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika kabisa, unaweza kuzimwaga za kutosha kumuua kabla maji ya chai hayajachemka.

Kushindilia ni kuingia pangoni. Unachana nguo ulione jeraha lote. Unaingiza kidole na ncha ya kitambaa mpaka pale damu inapotokea, unaukandamiza mshipa dhidi ya mfupa ulio chini yake, kisha unalisha kitambaa kidogokidogo, vidole vikipokezana ili mgandamizo usikatike hata mara moja, mpaka pango lijae na kitambaa kianze kufura juu ya ngozi. Baada ya hapo unalaza viganja vyote viwili juu yake, unanyoosha viwiko, unaegemea kwa uzito wa mwili. Dakika kumi, kama ni kitambaa cha kawaida. Majeruhi atapiga kelele, maana maumivu yake hayana mfano. Anayeshindilia lazima awe na moyo wa kuyasikia bila kulegeza mkono.

Haya hayahitaji chuo. Yanahitaji kitambaa, nguvu na mtu aliyewahi kuonyeshwa.

Vitambaa vyenyewe vilikuwa haba. Askari wa Kiingereza alikuwa na kifurushi chake kidogo cha bandeji kwenye mfuko wa ndani wa koti, na Mjerumani alikuwa na cha kwake. Kifurushi kimoja hufaa tundu moja. Kwa jeraha la paja lililochanwa na kipande cha kombora, kinaishia ndani kama tone. Upande wa Wajerumani, uliozingirwa baharini, upungufu ulikuwa mkali zaidi. Meli mbili tu zilifanikiwa kupenya, Rubens na ile ya Marie iliyotia nanga Sudi Machi 1916. Kwa hiyo wakageukia msitu. Taasisi ya Amani kule Usambara iliwatengenezea kwinini kutokana na magome ya mkwinini, na baadaye, Amani ilipopotea, walichemsha magome hayo wakanywa maji yake machungu. Bandeji nazo walizipata kwenye magome ya miti, yaliyopondwa na kulainishwa kama watu wa bara walivyofanya vizazi vingi kwa mavazi. Daktari Ludwig Deppe, aliyefuatana na misafara ya Lettow na kuandika kitabu chake mwaka 1919, alikuwa mmoja wa waliolazimika kuganga kwa vitu vya namna hiyo.

Wengi wetu tulilelewa tukijua dawa za jeraha dogo. Jembe likikukata shambani unasaga majani ya kishonanguo, unakamua maji yake juu ya kidonda. Wengine huweka majivu, wengine kahawa, wengine utando wa buibui. Kwa mkato wa kidole damu huacha, na pengine ingeacha yenyewe. Kwa mshipa unaoruka, unga wowote unasombwa kabla haujashika, na udongo au majivu yanabaki ndani kuleta pepopunda. Jeraha kubwa halisimami ila kwa kukandamizwa.

Tuseme basi damu imesimama. Majeruhi wa Duthumi bado yuko Duthumi, na treni iko Mikese.

Katikati kuna wapagazi. Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja kwa kazi hiyo katika vita vyote vya Afrika Mashariki, kutoka pwani, bara, Kenya, Uganda, Nyasa na Kongo. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni karibu 95,000, na wengi sana kati yao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam umebeba jina la kikosi chao mpaka leo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwaongoza mwenyewe wapagazi wa visiwani kwa miguu. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wengi wao wakitolewa vijijini kwa nguvu, na Waluguru walioishi katikati ya majeshi mawili waliporwa chakula na pande zote mbili. Wengine walikimbilia vilele vya juu, wakaacha mashamba.

Majeruhi alibebwa kwa machela: miti miwili na turubai, au blanketi lililofungwa kwenye mti mmoja. Watu wanne walishika, wengine walitembea kando wakisubiri kupokezana. Njia ilipanda na kushuka, ilivuka vijito vinavyotiririka kutoka mlimani, iliteleza kwa tope. Kila hatua ya mbebaji ni mtikisiko kwa paja lililovunjika. Kifungo cha juujuu hakivumilii mtikisiko wa namna hiyo, kwani damu iliyokuwa imeganda huachia na mtu huanza kuvuja upya chini ya blanketi bila mtu kuona. Kilichoshindiliwa vizuri, kikafungwa kwa kukazwa, hukaa. Naamini, ingawa hakuna daftari la kunihakikishia kila jina, kwamba maisha mengi yaliyofika Mikese yalifika kwa sababu mpagazi mmoja alisimama njiani, akainua blanketi, akaona damu mbichi, akaweka kiganja chake pale akatembea nacho.

Palipokuwa na barabara inayopitika magari madogo ya Ford yalisaidia. Mvua iliponyesha, magari yalikwama na machela yakaendelea.

Morogoro yenyewe ikawa mji wa hospitali. Mmoja wa madaktari wa Kiingereza waliofanya kazi hapo alikuwa Robert Valentine Dolbey. Mwaka 1914 alikuwa ametekwa na Wajerumani huko Ulaya, akaachiwa, akaletwa Afrika Mashariki, na kitabu chake cha 1918 kuhusu vita hivi kina sura juu ya chumba chake cha upasuaji cha Morogoro. Ni kitabu cha mtu wa zama zake, kina chuki nyingi dhidi ya adui, na Waafrika ndani yake huonekana kwa mbali. Hata hivyo kinaonyesha jambo moja waziwazi: vitanda vilijazwa na homa kuliko risasi. Kikosi cha Tisa cha Watembea kwa Miguu cha Afrika Kusini kilianza Februari 1916 na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliobaki na afya ya kupigana walikuwa 116. Mtu aliyekwisha nyong'onyezwa na malaria ana damu nyepesi tangu awali, kwa hiyo kila kikombe alichomwaga njiani kilikuwa na thamani maradufu.

Pale hospitalini kushindilia kulikuwa na adui mwingine, na lazima nimweleze kwa uadilifu. Katika miaka hiyohiyo madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji, wakiwatibu watu waliojeruhiwa kwenye mashamba yaliyorutubishwa kwa samadi, waligundua kwamba jeraha lililojazwa kitambaa na kuachwa siku kadhaa huwa chungu cha kuozesha. Nyama iliyokufa inabaki ndani bila hewa, vijidudu vya udongoni vinazaana, mguu unavimba kwa gesi, na mtu anakufa kwa sumu ya jeraha lake mwenyewe. Madaktari kama Antoine Depage wakafundisha kwamba jeraha lifunguliwe, nyama mfu ikatwe, pango liachwe wazi mpaka lisafike. Alexis Carrel na Henry Dakin walibuni njia ya kulisafisha kwa dawa ya klorini iliyopitishwa kwa mipira midogo. Hayo yaliokoa maelfu.

Lakini fundisho likivuka mipaka yake hudhuru. Vizazi vya wauguzi vilivyofuata vilisikia kwamba kujaza jeraha ni kosa, vikasahau kuuliza: kosa saa ngapi? Kitambaa kinachoshindiliwa kichakani kazi yake ni kumfikisha mtu hai mezani kwa daktari. Daktari ndiye anayekitoa, anaufunga mshipa, anakata kilichooza. Ni kazi mbili, za watu wawili, katika saa mbili tofauti. Daktari aliyeona uozo alikuwa sahihi, na mbebaji aliyejaza tundu kule Duthumi alikuwa sahihi kabla yake. Waliodhulumiwa ni majeruhi waliokuja baadaye, ambao aliyewakuta aliogopa kuingiza kidole.

Mwaka 1917 ulifunguliwa kwa mapigano mapya hapohapo kusini mwa Uluguru. Kikosi cha Nigeria kilikuwa kimewasili Desemba, kikapitia Mikese na njia ileile ya mlimani. Tarehe 1 Januari majeshi yalivuka Mgeta. Tarehe 4 Januari, Beho-Beho, risasi ilimuua Frederick Selous, mwindaji maarufu aliyeingia jeshini akiwa mzee wa miaka zaidi ya sitini. Alizikwa hapo, na pori la akiba likaja kupewa jina lake. Kwake hapakuwa na la kufunga wala kushindilia. Kisha mvua zikaja, mvua nzito kupita kawaida, mito ya Mgeta na Rufiji ikafurika, barabara iliyochongwa kwa jasho ikageuka tope, na safari ya majeruhi ikawa ndefu kuliko hapo mwanzo.

Katika mwaka huo lilitokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mapigano yote ya Mgeta. Uganda iliunda kikosi cha tiba cha Waafrika, chini ya daktari G. J. Keane, kwa kuwachukua vijana waliosoma shule za misheni na kuwafundisha uuguzi na ufungaji wa vidonda. Wakapelekwa kwenye hospitali za vita nchini mwetu. Mmoja wa maofisa wao, Douglas Tomblings, baadaye aliongoza Makerere. Kabla ya hapo Mwafrika katika tiba ya vita hivi alihesabiwa zaidi mbebaji wa mwenye jeraha. Sasa alikuwa dresa, mwenye mkasi, mwenye bandeji, mwenye kuamua. Vita vilipokwisha, madresa waliendelea katika zahanati za Afrika Mashariki nzima, na kwa miongo mingi mtu wa kijijini aliyekatwa na panga alimkuta dresa kwanza, na daktari baadaye sana kama alimkuta kabisa.

Sehemu ya mwisho ya historia hii ilirudi Afrika Mashariki kwa njia ya kusikitisha. Tarehe 3 Oktoba 1993, katika mapigano ya Mogadishu, koplo mmoja wa Marekani alipigwa risasi juu kabisa ya paja, kinenani. Kwenye mkono au mguu unaweza kukaza kamba juu ya jeraha ukaibana damu. Kinenani, kwapani na shingoni kamba haina pa kushika. Tabibu aliyekuwa naye alikandamiza na kupigana na damu ile kwa saa kadhaa, helikopta haikuweza kutua, na kijana akafa. Kifo hicho ni mojawapo ya mambo yaliyowasukuma madaktari wa jeshi lao kuandika upya mafunzo ya huduma ya vitani, na mwongozo wa kwanza ukachapishwa 1996. Kushindilia kukarudi darasani. Mwaka 2008 wakapitisha kitambaa kilichopakwa kaolini, udongo mweupe unaoharakisha damu kuganda, ambacho kwa mkandamizo wa dakika tatu hufanya kazi inayohitaji dakika kumi kwa kitambaa cha kawaida.

Kaolini! Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vimejaa udongo wa jamii hiyo. Sisemi mtu akauchote aweke kidondani, maana wa kiwandani umesafishwa na kuuliwa vijidudu, na wa shimoni utamletea pepopunda. Nasema tu kwamba malighafi ya dawa hii iko nyumbani kwetu, ilhali kitambaa chenyewe ni ghali na ni adimu katika zahanati zetu.

Morogoro ya leo haina vita. Ina barabara kuu mbili zinazokutana Msamvu, moja ikienda Dodoma na nyingine Iringa mpaka Zambia, na damu nyingi ya mkoa huu inamwagika hapo. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, jirani na mto uleule wa Wami ambako majeshi yalipigana 1916. Tangu hapo tumejenga mengi. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na madaktari bingwa wa fani hiyo sasa wanafundishwa nchini. Hata hivyo bingwa yuko hospitalini. Kando ya barabara ya Mikumi, saa nane usiku, yuko kondakta, yuko dereva wa lori, yuko kijana wa bodaboda, wako wanakijiji waliotoka na tochi. Hao ndio wapagazi wa zama hizi. Mara nyingi wanachofanya ni kumnyanyua majeruhi haraka na kumtupa kwenye gari la kwanza linalosimama, damu ikiendelea kutoka, kwa nia njema kabisa. Wangesimama dakika mbili tu kuziba damu kwanza, wengi wangefika hai.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoishi na kufanya kazi kwenye barabara hizi: nendeni Msalaba Mwekundu au kituo cha afya kilicho karibu, mwombe kuonyeshwa jambo hili kwa mikono, kwani kusoma pekee hakutoshi. Wekeni garini kitenge safi au shuka la pamba, pamoja na glovu kama mnazipata. Jeraha la mguu au mkono linaloruka damu, kazeni mshipi mpana juu yake, kati ya jeraha na moyo, msikaze juu ya goti wala kiwiko, na mkumbuke saa mliyokaza. La kinena, kwapa au bega, shindilieni. La kifua au tumbo msiingize kitu ndani. Funikeni tu na kukimbia. Chuma au kioo kilichochoma na kubaki mwilini msikichomoe. Kitambaa kikilowa, ongezeni kingine juu yake na mkandamize kwa nguvu zaidi. Na ukishaweka mkono juu ya jeraha, usiunyanyue kuchungulia. Panda nao garini, mpaka muuguzi akupokee.